Nyimbo za kisasa kwa besi na piano: nishushe ufunguo au nitafute zilizotungiwa besi?

Swali

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwimbaji wa besi, yaani sauti ya kiume iliyo nzito kuliko zote, na pamoja na mpiga piano mwenzangu tunaandaa onyesho la takriban saa moja la nyimbo za kisasa, yaani zilizotungwa kuanzia miaka ya 1940 hadi leo. Nyingi kati ya zile ninazozipenda zilitungiwa tenori au baritoni, sauti za kiume zilizo juu ya besi, kwa hiyo nimekuwa nikizishusha ufunguo, yaani kuziimba kuanzia nota ya chini zaidi, nyingine kwa umbali wa nota nne, ili zinikae vizuri kooni. Kooni kweli zinakaa, lakini tukifanya mazoezi ukumbini sauti yangu inamezwa na piano, na kuanzia safu za katikati kwenda nyuma maneno hayatambuliki. Mwenzangu anapendekeza tufunge mfuniko wa piano. Je, tatizo ni sauti yangu, ni piano, au ni uchaguzi wenyewe wa nyimbo? Pia nahofia kwamba saa nzima ya sauti nzito itawachosha wasikilizaji.

Jibu la kwanza, kutoka kwa mpiga piano

Ndugu mwimbaji, kwa maelezo yako siamini kwamba kasoro iko kwenye sauti yako. Unaposhusha ufunguo wa wimbo, unaishusha na piano, nayo haivumilii kushushwa kama koo linavyovumilia. Chukua nota E ya chini ya besi, ambayo hutetema takriban mara 82 kwa sekunde, na G iliyo juu yake, takriban mara 98. Tofauti hiyo ya mitetemo 16 ni ndogo mno, hivyo nota hizo zikipigwa pamoja sikio husikia mkwaruzo. Zikipigwa oktava mbili juu, tofauti huzidi 60 na mkwaruzo hutoweka. Mtunzi aliyemwandikia tenori alizipanga kodi zake, yaani nota zinazopigwa kwa pamoja, mahali ambapo kila nota inasikika, lakini ukizishusha nota nne zinaangukia kwenye matope, tena katika eneo lilelile ambamo wewe unajaribu kutamka maneno.

Kuhusu mfuniko, naomba msiufunge. Sauti ya mwimbaji aliyefunzwa huipenya ala kwa nguvu iliyokusanyika juu sana, takriban kati ya mitetemo 2,400 na 3,000 kwa sekunde, na piano iliyofungwa hupoteza kwanza mng'ao wake wa juu huku mvumo wa chini ukibaki, na mvumo huo ndio unaokumeza. Mwache mfuniko wazi, kisha mwenzako apunguze pedali ya kulia, ile inayorefusha mvumo wa nota, kuliko alivyozoea anapomsindikiza soprano, mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, na mkono wake wa kushoto uwe mwepesi kuliko wa kulia.

Hata hivyo, dawa hasa ni kuimba nyimbo zilizotungiwa besi. Fungua nota za mfululizo ambao mtunzi wa Kirusi Dmitri Shostakovich aliutunga mwaka 1974 kwa besi na piano juu ya mashairi ya msanii wa Kiitaliano Michelangelo, nyimbo 11 zilizoimbwa kwa mara ya kwanza na Yevgeny Nesterenko mwishoni mwa mwaka huohuo. Utaona jinsi mistari ya piano ilivyo michache, na jinsi ukimya wenyewe ulivyopewa kazi. Mtunzi aliyajua haya unayoyalalamikia, akamwachia mwimbaji nafasi.

Jibu la pili, kutoka kwa mwalimu wa uimbaji

Nakubaliana na ndugu mpiga piano kwa sehemu kubwa, ila nisingekataza kabisa kuhamisha ufunguo. Kushusha kwa nusu toni au toni moja mara nyingi hakudhuru. Nota nne ni nyingi mno. Ikiwa mtunzi yu hai, mwandikie kwanza. Baadhi yao hukubali kuiandika upya sehemu ya piano ili iendane na besi, na hapo unapata wimbo uliotengenezwa, si uliosukumwa chini. Ruhusa unaihitaji vilevile ukitaka kuimba kwa tafsiri au kuichapisha tafsiri kwenye kijitabu cha onyesho, kwa kuwa kazi hizi nyingi bado zinalindwa na hakimiliki.

Nisingemshauri mtu anayeanza aijaze saa yote kwa huo mfululizo wa Michelangelo. Peke yake huchukua zaidi ya nusu saa, na ni kazi ya mtu aliyekuwa akikitazama kifo. Lakini Shostakovich huyohuyo, mwaka 1965, alichukua maandishi kutoka jarida la vichekesho la Krokodil akayatungia besi nyimbo 5 fupi zenye mzaha mkali. Mwaka 1942 alikuwa ametunga nyingine 6 juu ya mashairi ya Waingereza na Waskoti, miongoni mwao Shakespeare na mshairi wa Skoti Robert Burns, na mwaka 1955 mtunzi mwingine wa Kirusi, Georgy Sviridov, naye akayatungia mashairi ya Burns mfululizo wa besi na piano wenye uchangamfu mwingi. Besi inaweza kucheka, kutongoza na kulewa jukwaani, na nasikitika kila nionapo waimbaji wetu wakiifungia kwenye makaburi na maombolezo. Kinachowachosha wasikilizaji ni mwendo uleule na hali ileile ya moyo wimbo baada ya wimbo. Uzito wa sauti hauna hatia. Anza na Burns, weka kazi mpya ya mtunzi aliye hai katikati, wakati masikio bado hayajachoka, na mzaha wa Krokodil uje baada ya jambo zito kuliko yote, wala usitangulie.

Jambo moja la koo: watunzi wa sasa hupenda kuiweka besi juu, karibu na C ya kati na kuipita, kwa sababu huko maneno husikika. Usizipange nyimbo tatu za aina hiyo zifuatane.

Jibu la tatu, kutoka kwa msikilizaji

Mimi si mwanamuziki, ila huhudhuria maonyesho ya aina hii kila nipatapo nafasi. Tafadhali mtuchapishie mashairi, na msizime taa za ukumbini kiasi cha kutufanya tushindwe kuyasoma. Pia mtueleze mapema kama mnataka tupige makofi baada ya kila wimbo au mwisho wa mfululizo.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Jana tulifungua mfuniko na kupunguza pedali, na maneno yakafika safu ya nyuma katika nyimbo zote isipokuwa mbili nilizozishusha nota nne. Hizo mbili nimeziondoa. Nafasi yake nitazipa nyimbo za Burns za Sviridov, na kwa mtunzi wa wimbo nilioushusha toni moja nimekwisha kuandika barua ya kuomba ruhusa.