Naomba ushauri: kunasa dizeli iliyochakachuliwa kwa kuikeneka, Mbeya

Wakuu, naombeni mwongozo. Tunakeneka dizeli, yaani tunaichemsha na kupoza mvuke wake uwe mafuta tena, ili kujua kama imechanganywa na mafuta ya taa. Sampuli ni mililita 100, chupa ina vipande vya kigae ili mafuta yasiruke, jiko ni la umeme (moto wazi hapana kabisa), na kasi ya mafuta kutoka ni mililita 4 hadi 5 kwa dakika. Dizeli huanza kutoka karibu nyuzi 180 na kuishia kama 360. Mafuta ya taa ni mepesi, kwa hiyo uchakachuaji huonekana kwenye mililita 10 za kwanza. Za mwisho hazibadiliki sana.

Kinachosumbua ni mwinuko. Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 83, na mafuta huchemka mapema. Kipimajoto kikisoma 200 tunaongeza nyuzi 8, kikisoma 300 tunaongeza 9. Usiporekebisha, utamsingizia mwenye kituo cha mafuta.

Sasa, mchanganyiko ukiwa chini ya asilimia 10 mnaamini kipimo gani? Haidromita (kipima uzito wa mafuta kwa ujazo) naona inadanganya, maana dizeli nyepesi na mafuta ya taa mazito hukaribiana uzito. Je, joto la kushika moto (nyuzi ambazo mvuke wa mafuta huanza kuwaka ukisogezewa moto) linatosha peke yake? Na kulipima mnatumia kifaa cha kikombe kilichofunikwa au cha wazi?