Gombe kwa miguu na kulala hema ufukweni, waliowahi kwenda naombeni ushauri

Mangi_wa_Pasua:
Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, mimi na washikaji wawili tunaondoka Jumanne ijayo kwenda hifadhi ya Gombe kule Kigoma, hii ni ndoto yangu ya miaka. Nataka tutembee msituni na mabegi yetu tuone sokwe halafu jioni tushuke ziwani tupige hema palepale ufukweni tulale tunasikia mawimbi. Hema tunalo la mlimani, jiko dogo la gesi lipo. Mmoja wetu mafua yamemkamata na hii baridi ya mwezi wa saba ila ni mafua tu, atakuwa anatembea mdogo mdogo. Je tunaweza kuingia msituni wenyewe? Na usiku ufukweni ni salama? Natanguliza shukrani.

Binti_Njiro:
Kaka hongereni, mtapenda. Mimi na dada yangu tulienda na basi kutoka Arusha tukapitia Singida na Tabora, safari ndefu jamani, miguu ilivimba. Ukifika Kigoma nenda Kibirizi ndo boti za abiria za vijiji vya kaskazini zinapoondokea, zinapita hapo hifadhini, sio mbali ni kama km 16 tu kutoka mjini ila zinasimama simama kushusha watu na magunia kwahiyo usiwe na haraka, na Jumapili usizitegemee. Msituni huendi mwenyewe, lazima muongozaji wa hifadhi.

Sasa nyani. Sisi tulifunga zipu tukaenda kuoga, kurudi tunamkuta nyani dume kakaa mlangoni kwa hema, zipu kaifungua vizuri kabisa wala hajachana, mkate wote kala na unga wa ugali kaumwaga mpaka kwenye mablanketi. Chakula msiache kwenye hema hata dakika moja. Na usiku msiingie majini wala kupapasa mawe ya ufukweni, kuna swila wa majini, nyoka mwenye sumu kali.

Muha_Ngarenaro:
Ndugu yangu wa Pasua mimi ni mtu wa Kigoma, nakuomba kwa moyo wangu wote huyo mwenye mafua asiingie msituni. Watu wanachukulia poa lakini sokwe ni karibu sana na sisi, ugonjwa wetu wanaupata, kwako ni mafua ya siku nne, kwake yanageuka kifua na anakufa. Magonjwa ya kifua yameua sokwe wengi pale. Mwaka 1966 kabla hata haijawa hifadhi ya taifa, polio iliwaingia, wengine walipooza mikono wengine wakafa, yule mtafiti wa sokwe Jane Goodall alikuwa ametimiza miaka 6 tu tangu afike Gombe. Ndo maana mnapewa saa moja tu kukaa nao, mnakaa mbali mita 10 na barakoa mdomoni. Hifadhi yenyewe ni kadogo, wakiugua hawana pa kukimbilia. Asifiche ugonjwa eti kwa sababu ameshalipa nauli.

Mpagazi_Marangu:
Kwenye hema, vigingi vile vya mlimani haviingii kule wakuu, ufukwe ni kokoto, tulipigilia vinachomoka tu. Bebeni kamba ndefu mfunge kwenye mawe makubwa maana upepo wa kusi mwezi huu hauna masihara. Begi zito la kulalia acha nyumbani, kule joto, shuka linatosha.

Mangi_wa_Pasua:
Asanteni sana wakuu, hilo la mafua sikulijua kabisa. Nimemsomea jamaa hapo kwenye 1966, kanyamaza kidogo halafu kasema "basi nyie nendeni". Tumegoma kumuacha, tunasogeza safari mpaka apone kabisa na sisi tujiangalie kama hajatuambukiza, bahati nzuri tiketi tulikuwa bado hatujakata. @Muha_Ngarenaro tukisogeza mpaka mwezi wa tisa itakuwaje?

Muha_Ngarenaro:
Nzuri sana tena, bado kiangazi. Na mkipata siku za giza, mwezi haupo, mtaona taa za wavuvi wa dagaa zimejaa ziwani kama mji. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti samaki wazaliane, usiku ziwa likawa jeusi tupu. Mungu akubariki kaka.

Mangi_wa_Pasua:
Amina. @Binti_Njiro ile zipu baadae mliifungaje?

Binti_Njiro:
Kufuli dogo la begi, unaunganisha vile vichwa viwili vya zipu. Alirudi asubuhi akavivuta vuta weee akaondoka.