Mtu unaamka saa kumi alfajiri kumuangalia MWANAUME halafu anaangalizia wenzake ndo anyooshe mkono!!!

Kibatari cha Tandika (mleta uzi)
Alhamisi 24 Agosti 2023, saa 1:40 asubuhi

Wakuu nina hasira hapa hata chai haipiti.

Nimetegesha alamu saa tisa na nusu, nimejifunika shuka gubigubi na simu yangu ili mama watoto asiamshwe na mwanga, earphone sikio moja tu maana la pili nasikilizia kama mtoto atalia, yote hiyo kwa ajili ya mdahalo wa wanaotaka urais wa Marekani kupitia chama cha Republican kule Milwaukee. Watu wanane jukwaani. WANANE. Na yule wanayemkimbiza, Trump, hayupo, kagoma kuja, anasema watu wanamjua tayari na kwenye utafiti wa maoni kawaacha mbali, kwa hiyo akajirekodi zake mahojiano na yule mtangazaji Tucker Carlson aliyeachana na tivii ya Fox mwezi wa nne na yakarushwa mtandao wa X (Twitter ya zamani) dakika kama tano tu kabla hawa wenzake hawajafungua mdomo. Dharau ya kiwango cha lami.

Mimi nikasema poa, paka hayupo leo panya watatawala. Kumbe panya wenyewe wanaogopa mpaka harufu ya paka!!

Likaja lile swali. Mlioangalia mnalijua. Mtangazaji anawauliza, huyo jamaa akikutwa na hatia mahakamani na chama kikampitisha hivyo hivyo, nani bado atamuunga mkono, nyoosheni mikono. Yule kijana wa biashara, Ramaswamy, mkono juu hata swali halijatua. Sasa huyu wetu, gavana wa Florida. Huyu huyu mnayemjua, simtaji maana nikimtaja nitapandisha presha bure. Aliyesimama KATIKATI ya jukwaa. Anaangalia kulia. Anaangalia kushoto. Anahesabu mikono. Ndo na wa kwake unaanza kupanda, taratiiibu, kama mtoto wa darasa la pili aliyesahau jibu la mwalimu anasubiri aone wenzake wanasema ndiyo au hapana.

Nimerudisha nyuma mara kumi na moja. Mara kumi na moja bando langu limeungua kuangalia shingo ya mtu mzima ikizunguka kama feni ya saluni. Gavana! Mwaka jana tu kashinda jimbo lake kwa karibu pointi 19, jimbo lina watu milioni 22 na ushee, anagombana na Disney kila siku kwenye tivii, anagombana mpaka na vitabu vya shule, halafu kaulizwa habari ya mtu mmoja ambaye HAYUPO UKUMBINI shingo inaanza kutafuta msaada.

Hivi unamshindaje mtu unayemnyooshea mkono? Mnijibu hilo tu.

Na la kuniumiza zaidi nilishaweka supu na jamaa wa ofisini. Nilimwambia wiki nzima, subiri uone, huyu ndo ataanza kumkaanga. Sasa hivi nipo kwenye daladala naenda kulipa supu na chapati mbili kwa sababu ya shingo ya mtu.

Bi Mkubwa Chuwini
saa 1:52
Pole baba. Ila mara kumi na moja? Mkeo anajua?

Dogo wa Mabibo
saa 1:55
Nimechukua siti ya dirishani, huu uzi utafika mbali

Konda Mstaafu
saa 2:03
Mleta uzi unajichosha. Walionyoosha ni SITA. Haley kanyoosha, Scott kanyoosha, Pence kanyoosha, na yule gavana wa North Dakota aliyeumia kano ya mguu akicheza basketi siku moja kabla, kasimama masaa mawili kwa mguu mmoja na yeye kanyoosha. Mbona unamuandama mmoja?

Kibatari cha Tandika (mleta uzi)
saa 2:09
WALE WALINYOOSHA KWA MOYO WAO!! Huyu KADESA. Kadesa mtihani wa swali moja lenye jibu moja na msimamizi anamuangalia usoni na kamera za nchi nzima zimemlenga yeye. Ukikosa kwa akili yako nakuheshimu. Lile jicho la pembeni ndo siwezi kulisamehe. Nimefunga macho hapa kwenye siti bado naliona

Mpemba Asiye na Boti
saa 2:11
"kadesa mtihani wa swali moja" 😂😂😂 nimemwaga uji

Sauti ya Nyikani
saa 2:20
Samahani wakuu, huyo anayesemwa ni nani?

Dogo wa Mabibo
saa 2:21
DeSantis, gavana wa Florida. Sasa pita kushoto taratibu usituamshie mleta uzi

Mwalimu wa Zamu
saa 2:34
Nianze kwa kusema mleta uzi ana hasira za njaa. Tuongee kisiasa kidogo. Ukiwa nyuma kwenye mchujo unamhitaji mpiga kura wa yule anayeongoza, kesho akianguka unataka waje kwako, sasa ukimtukana kipenzi chao leo watakuja kwako kufanya nini? Mmeona Christie, mmoja wa wale wanane, alivyosema kidogo tu kwamba ile tabia ya Trump sio ya kuhalalishwa, ukumbi mzima ukamzomea mpaka watangazaji wakaomba utulivu. Huyo gavana wenu alikuwa anapiga hesabu.

Na historia inamuunga mkono. 2016 kwenye mchujo wa New Hampshire huyo huyo Christie alimshika mgombea mwenzake Rubio jukwaani, akamwambia wewe una hotuba moja ya kukariri, na Rubio badala ya kujibu akairudia ile ile hotuba, tena na tena. Alimmaliza kabisa. Rubio akawa wa tano. Christie je? Wa SITA, akafungasha virago hata wiki haikuisha. Harris 2019 kwenye mdahalo wa Democrat alimkalisha Biden Miami kwa habari ya mabasi ya kuchanganya wanafunzi weusi na weupe shuleni, akapanda wiki chache, ikifika Disemba hata kura za kwanza za Iowa bado kajitoa. Anayerusha ngumi na anayepigwa wanazikwa pamoja, anakuja wa tatu anakula.

Kibatari cha Tandika (mleta uzi)
saa 2:41
Mwalimu Harris alikuja kuwa nani 2021? MAKAMU WA RAIS. Alimpiga mzee hadharani na mzee akampa kazi. Hata kama huamini unashinda basi piga upate umakamu!

Mwalimu wa Zamu
saa 2:44
Hapo umenibana kidogo

Shangazi Mitandao
saa 2:50
Mimi nampenda Pawlenty, yule mgombea wa Republican wa 2011 jamani. Mnamkumbuka? Jumapili yupo kwenye tivii anaiponda bima ya afya ya mpinzani wake Romney, kaiunganisha na ya Obama kwa jina moja la kejeli, tukasema huyu dume. Kesho yake Jumatatu mdahalo, Romney kasimama hapo hapo, anaulizwa rudia basi ulichosema jana, akaanza ooh mimi nilikuwa namnukuu rais ooh. Mwezi wa nane keshajitoa. Kwa hiyo wanaume wa kununa wakiwa peke yao wapo siku nyingi, kama mume wangu tu na mwenye nyumba wetu. Mwenye nyumba akiwa hayupo ni kumtukana, akigonga mlango "shikamoo mzee karibu chai".

Mpemba Asiye na Boti
saa 2:53
Shangazi hapo kwa mwenye nyumba fungua uzi wake, kodi wamepandisha tena mwezi huu na maji hakuna

Shangazi Mitandao
saa 2:55
Usinikumbushe. Wa kwetu kaja anadai ya miezi sita kwa mkupuo na choo kinavuja tangu Pasaka

Kibatari cha Tandika (mleta uzi)
saa 3:02
Jamani turudi kwenye shingo

Mtoto wa Umoja
saa 3:15
Manze nyinyi mnalia na mkono, sisi hapa Kenya mwaka jana tuliamkia podium tupu. Mwezi wa saba, mdahalo wa urais pale chuo cha CUEA Nairobi, Raila hakutokea, Ruto akasimama peke yake akiulizwa maswali saa moja unusu. Na ndiye aliapishwa. 2017 Uhuru ndiye alihepa, Raila akajiongelesha pekee yake, na bado Uhuru akatangazwa mshindi, ata kama Supreme Court ilikuja kuifuta. Kwa hivyo kuhepa inasaidia ama haisaidii? Hakuna mtu anajua. Wueh.

Konda Mstaafu
saa 3:22
Nyie wa Kenya shukuruni mna podium ya kuwa tupu. Sisi 2015 watia nia zaidi ya 30 walirudisha fomu za urais ndani ya chama kimoja, umeona wapi wakisimama wakaulizwana? Majina yakakatwa Dodoma tukayasikia redioni.

Mtoto wa Umoja
saa 3:25
Si mkuje huku tuwafunze

Konda Mstaafu
saa 3:26
Mtufunze nini, unga wenu shilingi ngapi sasa hivi?

Dogo wa Mabibo
saa 3:27
Haya tena imeanza. TZ na KE ndani ya uzi wa Milwaukee

Mkaa Texas
saa 3:48
Mimi nipo huku, huku bado usiku, niwaambie kitu. Mnalaumu wagombea bure, sheria zenyewe za kuingia pale zinawafunga. Lazima uwe na wachangiaji 40,000, ufikishe asilimia moja kwenye utafiti, halafu USAINI ahadi kwamba utamuunga mkono atakayepitishwa. Yule wa North Dakota alikuwa anagawa kadi za dola 20 kwa kila anayemchangia dola moja ili afikishe idadi, na akaingia. Mtu kaingia kwa kununua wachangiaji na keshasaini kumuunga mkono adui yake, unataka arushe ngumi na mkono upi?

Kibatari cha Tandika (mleta uzi)
saa 3:55
Na ule aliosaini nao usinyooshwe kwa kuangalizia!! Mkuu Texas sikatai sheria. Yule kijana wa biashara kasema waziwazi Trump ndo rais bora wa karne hii, sawa, anajulikana anasimamia wapi. Haley kamwambia hata chama chake kwamba huyu ndo mwanasiasa anayechukiwa kuliko wote Marekani, halafu kanyoosha mkono, sawa, ana mambo yake. Huyu wangu alipoulizwa kama Pence, aliyekuwa makamu wa Trump, alifanya sahihi kukataa kugeuza matokeo ya uchaguzi tarehe 6 Januari 2021 kazunguka mbuyu weee mpaka alipobanwa ndo akasema Mike alitimiza wajibu wake. Mtu wa kubanwa! Kila kitu mpaka abanwe! Hivi na mkewe akimuuliza wali au ugali anaangalia kwanza jirani anakula nini?

Bi Mkubwa Chuwini
saa 3:58
Baba wewe si ulisema unaenda kazini

Mpemba Asiye na Boti
saa 4:06
Mtu alitangaza kugombea kwenye sauti ya Twitter inayokatika katika dakika ishirini nzima, wewe ukaweka supu juu yake. Kosa la nani hapo

Dogo wa Mabibo
saa 4:07
😂😂😂😂 supu yenyewe na chapati MBILI

Kibatari cha Tandika (mleta uzi)
saa 4:30
Nimelipa. Jamaa kaagiza na soda. Na alipomaliza kula kanionyesha ile klipu tena, kaiweka kwenye stetasi.

Mjukuu wa Bibi Ilala
saa 5:12
Kwani supu ya wapi hiyo asubuhi hii na chapati? Maana pale kituoni tunapokula sisi saa tatu imeisha

Konda Mstaafu
saa 5:15
Supu nzuri Temeke karibu na sokoni, kongoro haina mafuta mengi, ndimu na pilipili unajiwekea mwenyewe

Mtoto wa Umoja
saa 5:16
Hapo kwa supu mmetushinda nakubali

Mkaa Texas
Ijumaa 25 Agosti, saa 10:50 alfajiri
Wakuu amkeni picha imetoka! Mzee Trump kajisalimisha Georgia kwenye kesi yake, kapigwa picha ya jela, kanuna kama kadaiwa na VICOBA. Kairusha mwenyewe X, posti yake ya kwanza tangu Januari 2021.

Dogo wa Mabibo
saa 1:20 asubuhi
Hiyo sura lazima aitie kwenye fulana auze

Mkaa Texas
saa 1:24
Zimeshaanza kuuzwa

Shangazi Mitandao
saa 1:31
Mnaona sasa, watu wanane wamebishana masaa mawili, na yeye picha moja tu, hakuna anayekumbuka hata rangi ya tai zao. Mume wangu anataka fulana

Kibatari cha Tandika (mleta uzi)
saa 1:33
Mimi nakumbuka. Nakumbuka shingo.

Mjukuu wa Bibi Ilala
saa 1:40
Konda pale Temeke nimeenda, kongoro kweli ila chapati ngumu kama kandambili

Konda Mstaafu
saa 1:44
Umeenda kwa yule wa kwanza, mimi nimesema wa ndani, mama mwenye mtandio wa bluu

Kibatari cha Tandika (mleta uzi)
Jumatatu 22 Januari 2024, saa 2:10 asubuhi
Naufufua uzi wangu kwa heshima zote. Kura za mchujo Iowa wiki iliyopita Trump asilimia 51, huyu wangu 21. Jana kajitoa, na kwenye video ya kujitoa KAMUUNGA MKONO YULE YULE. Safari hii hakuangalia pembeni maana alikuwa peke yake kwenye kamera. Mkono ule ule wa Milwaukee! Wale mlionicheka mwezi wa nane mko wapi??

Mjukuu wa Bibi Ilala
saa 2:26
Afadhali umeufufua kiongozi. Wakuu yule mama wa mtandio wa bluu kahamia wapi? Nimepita Jumamosi nimekuta fundi simu