Kaitosani ya vikonyo vya uyoga kwa kusafishia mfereji wa mzizi wa jino: mbona haiyeyuki yote?

Mamama_Lab: Habari wakuu. Vikonyo vya uyoga wa mamama vinavyotupwa na wakulima vinakaushwa, vinasagwa, vinachemshwa kwenye kostiki soda 4%, kisha 45%. Lengo ni kaitosani (inayotokana na kaitini, nyuzi ngumu za ukuta wa seli ya uyoga na za magamba ya kamba) ya 0.2%, ya kusuuzia mfereji wa jino badala ya EDTA, kemikali ya kawaida ya kazi hiyo. Shida ni kwamba kwenye asidi asetiki 1% unga mwingi unabaki kama makamasi ya kijivu, na majimaji yenyewe ni mepesi mno. Ile ya magamba ya kamba huyeyuka yote. Wapi panakosewa?

Mzee_wa_Bika: Mkuu, hayo makamasi ni glukani, yaani minyororo ya sukari isiyoyeyuka kwenye asidi yako. Kwenye ukuta wa seli ya uyoga kaitini imefungamana na beta-glukani, na kostiki peke yake haiwaachanishi. Wanaotumia magamba huanza na asidi kutoa chokaa. Wewe hatua hiyo umesamehewa, ila deni lako ni glukani.

Koroga usiku kucha, zungusha kwenye sentrifyuji (mashine ya kutuamisha kwa kasi), tupa kilichotuama. Maji ya juu yaongezee kostiki hafifu kidogo kidogo hadi pH 9 hivi, kaitosani ijitenge kama mabonge meupe laini. Yaoshe mpaka maji yatoke na pH 7. Usishangae kupata gramu chache tu kwa gramu 100 za unga mkavu.

Wepesi wa majimaji ni kesi nyingine. Kwenye kostiki ya 45%, nyuzi 110 na kuendelea, oksijeni inakatakata minyororo ya kaitosani. Funika chombo, pitisha naitrojeni, usichemshe kupita muda. Ukiogopa moto nako, asetili hazitoki, yaani vile vipande vinavyofunika amino na ambavyo kostiki huviondoa ili kaitini iwe kaitosani. Zikiondoka chini ya nusu hivi, sahau kuyeyusha. Pima kwa taitresheni (kupima kwa kudondosha kemikali): yeyusha kwenye HCl ya ziada, rudisha kwa NaOH (kostiki), chora grafu ya pH. NaOH iliyotumika kati ya miruko miwili ya pH kwenye grafu ndiyo idadi ya amino zako.

Na kitako cha uyoga chenye mabua uliyooteshewa kikate chote. Lignini ya mabua inaleta ukahawia.

Faili_25: Upande wa kiti cha daktari wa meno: kaitosani 0.2 g kwa 100 ml za asidi asetiki 1%, ikorogwe saa mbili, dakika 3 mferejini. Inatosha kutoa tope linaloachwa na faili. Kinachoharibu kazi ni hipokloriti, dawa ya klorini inayotangulia kusuuzia mfereji. pH yake ni 11 na zaidi. Ikikutana na kaitosani, chaji inayoiweka kwenye maji inapotea na unaona utando mweupe unaoziba vitundu vya dentini (mwili wa jino), yaani umerudisha kilekile ulichokuwa unakitoa. Suuza kwa maji yaliyokenekwa, kausha kwa vijiti vya karatasi, ndipo uiingize. Otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu) iache, inazidi kukata minyororo.

Mamama_Lab: Na mgonjwa mwenye mzio wa kamba?

Faili_25: Hapo uyoga ndio unashinda, tropomayosini ya kamba, protini inayoleta mzio, haimo. Ila uyoga hufyonza kadimiamu, na kaitosani yenyewe hung'ang'ania metali. Pima metali nzito na endotoksini (sumu za bakteria). Kabla ya majibu, fanyia kwenye meno yaliyokwisha kung'olewa tu.