Tupeane uzoefu: mambo tunayowafanyia mbwa kwa mapenzi, kumbe tunawaumiza

MfugajiTengeru (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nazalisha mbwa hapa Arusha, na watu huniletea mbwa wao wakiwa hoi kabla hata hawajafika kwa daktari. Karibu wote ni watu wema. Watoto wanamlilia mnyama, nao wamefanya kila walichoambiwa kinasaidia. Balaa ni hicho walichoambiwa.

Kinachoniumiza zaidi ni oili chafu. Mbwa akipata ukurutu, mtu anakwenda gereji, anaomba oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini na kumpaka mwili mzima. Ile oili ina mabaki ya metali na kemikali. Inaunguza ngozi ambayo tayari ina vidonda, mbwa anajilamba usiku kucha, na kinachoingia tumboni kinaishia kwenye ini na figo. Niliwahi kuletewa jike wa German Shepherd aliyepakwa mara mbili kwa sababu ya kwanza "haikukolea". Alikuwa anatetemeka na ngozi ya tumbo imebabuka. Tulimwosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, tukarudia hadi maji yakatoka safi. Daktari akakwangua ngozi, akaangalia kwenye darubini, akakuta utitiri. Akampa dawa ya utitiri na manyoya yakarudi. Kile kipimo cha kukwangua ndicho kilitakiwa kiwe cha kwanza.

Mwenye kisa alete, tuokoe wengine.

Mama Wawili

Asante kwa uzi, mkuu. Hapa kwetu Mbezi ilikuwa Pasaka. Wageni walipoondoka, shemeji yangu akakusanya mifupa yote ya kuku wa kukaanga akammwagia mbwa, tena kwa furaha, akisema na yeye ale sikukuu. Kesho yake mbwa anachuchumaa, anajikamua, hakitoki kitu zaidi ya damu kidogo. Alipopigwa picha, vipande vilikuwa vimejazana kwenye utumbo mpana. Daktari alitueleza kwamba mfupa ukishapikwa unakuwa mkavu na unapasuka vipande vyenye ncha. Alipona, ila alilazwa.

Babu_Karatu

Mama Wawili, pole. Lakini sisi tumekua tukiwatupia mbwa mifupa na waliishi.

Mama Wawili

Shikamoo mzee wangu. Waliishi wengi, ni kweli. Ila waliokufa nani aliwapasua akaangalia tumboni? Tulisema tu "mbwa kalishwa sumu", tukamlaumu jirani.

Babu_Karatu

Marahaba. Hilo nakubali. Tulilisema sana.

KijanaWaNjoro

Mimi ni wa Nakuru, nilikuwa nachunga ng'ombe wa maziwa kwa mzee mmoja. Mbwa wa boma alijaa kupe masikioni. Mzee alimpenda sana yule mbwa, akachukua dawa ya josho la ng'ombe, ile ya amitrazi, akaimimina kwenye kitambaa bila kupima maji akamsugua nayo. Baada ya muda mbwa akaanza kuyumba, kisha akalala, mwili umepoa na mapigo ya moyo yamekwenda chini. Tulimwosha, tukamfunika gunia, tukamkimbiza kwa daktari. Alipona. Daktari alisema amitrazi hutumika hata kwa mbwa, lakini kwa kipimo chake na ikiwa imechanganywa na maji vizuri. Jameni, mtu akija na sindano ya minyoo ya ng'ombe akitaka kumdunga mbwa, muulizeni kwanza amempima kilo ngapi.

BwanaMifugo_Iringa

Nimefanya kazi ya mifugo muda mrefu, naomba niongeze mawili.

Moja ni dawa zetu za maumivu. Mbwa anachechemea, mwenye mbwa anaona huruma, anampa parasetamo. Vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mbwa wa kilo 6 vinaweza kuharibu ini na hata kubadilisha damu mpaka fizi zinakuwa na rangi ya matope. Ibuprofeni na diklofenaki zinatoboa tumbo na kuua figo. Ukiona kinyesi cheusi kama lami baada ya kumpa dawa hizo, anavuja damu ndani.

La pili ni maziwa na mafuta ya kula mbwa akilishwa sumu. Hili limeota mizizi sana. Maziwa hayaui sumu, na zipo sumu zinazoyeyuka kwenye mafuta, hivyo unazisaidia kuingia mwilini haraka. Mbaya zaidi, mbwa mwenye degedege hawezi kumeza. Unamshika taya, unamimina, mafuta yanaingia kwenye mapafu. Nimewaona waliopona sumu wakafa kwa mapafu. Mpeleke kwa daktari, na ubebe chupa au pakiti ya ulichohisi amekula.

Nyamagana_Dada

Kwangu ni kujisifia kitoto kipya. Kaka alileta kitoto kilichoachishwa mama yake kikiwa na mwezi mmoja tu, mtaa mzima wakakibeba, wakakipeleka kucheza na mbwa wa majirani. Kikaanza kutapika na kuhara damu. Ikawa pavo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Tukakilazimisha maziwa na mayai mabichi "kipate nguvu", kikazidi kutapika. Hatukukiokoa. Jamani, virusi vile vinakaa udongoni miezi mingi. Kiacheni kwa mama yake hadi wiki 8, chanjo ianze wiki ya 6 hadi ya 8 na irudiwe mpaka kifikishe wiki 16. Kabla ya hapo kisizurure.

Lodwar_Mwenyeji

Huku Turkana tunawarushia mbwa mapafu na maini yenye uvimbe wa maji yaliyokataliwa machinjioni. Mbwa haonekani kuumwa, lakini anabeba tegu, mayai yanatoka na kinyesi, na watoto wanaomkumbatia ndio wanaota uvimbe tumboni. Viungo hivyo vizikeni au vichomeni.

Kibaha_2

Wakuu, nina mbwa mwenye ukurutu hapa na oili tayari ninayo kwenye kopo. Kwa daktari ni kesho asubuhi. Usiku huu nifanyeje?

MfugajiTengeru

Mkuu, hiyo oili itoe nyumbani. Usimpake chochote, wala Jik wala sabuni ya unga. Mtenge na mbwa wengine, matandiko yake yaloweke kwenye maji ya moto, na watoto wasimshike maana utitiri mwingine unahamia kwa watu. Kesho mwambie daktari akwangue ngozi kabla hajaandika dawa. Utuletee majibu hapa.