Aliyepunguzwa tumbo akanenepa tena: alipiwe upasuaji wa pili kabla ya kuonyesha nidhamu ya chakula na mazoezi?

Kisiki:
Wadau, naleta hoja nikiwa na nia njema. Kuna watu waliopunguzwa tumbo kwa upasuaji, wakapungua vizuri, kisha baada ya miaka kadhaa kilo zikaanza kurudi. Sasa wanaomba bima iwalipie upasuaji wa marudio. Msimamo wangu: kabla ya senti kutoka, mgonjwa alete kumbukumbu za miezi sita zinazoonyesha anakula nini, protini gramu ngapi kwa siku, vidonge anameza au ameacha, na mazoezi gani anafanya.

Upasuaji unapunguza nafasi na unapunguza njaa, lakini haubagui kinachopita. Kipande cha kuku kinakaa tumboni na kumshibisha mtu. Aiskrimu, juisi na biskuti iliyochovywa kwenye chai vinateleza hadi chini, na baada ya nusu saa anaweza kuanza tena. Anayedonoadonoa hivyo kutwa nzima anajaza kalori zake zote bila kuketi mezani hata mara moja. Ukimkata tena bila kugusa tabia hiyo, umemwingiza kwenye hatari kubwa kuliko ya kwanza, maana penye makovu ya zamani mshono huvuja kwa urahisi zaidi.

Na tuambiane ukweli. Wengi ukiwauliza habari ya mazoezi, jibu ni "natembea". Kutembea si mazoezi.

Mwanaidi_K:
Kaka Kisiki, hayo mengine wengine watakujibu, lakini hilo la mwisho haliwezi kupita hivi hivi. Kutembea ndiko mgonjwa anakoanza nako akishatoka kushonwa. Siku ile ile anainuliwa kitandani azunguke wodini, kwa sababu damu ya aliyelala tuli baada ya upasuaji huganda miguuni, na bonge likipanda mapafuni linaua. Wiki za mwanzo ni dakika tano hadi kumi, mara nne au tano kwa siku. Kila wiki anaongeza kidogo, mpaka afike nusu saa mfululizo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kumo humo.

Kipimo cha "wastani" ni rahisi: anaweza kuongea, hawezi kuimba. Mtu wa kilo 140 anaifikia hali hiyo kwa mwendo ambao wewe mwembamba ungeuona wa kwenda kununua gazeti.

Kisiki:
Umejuaje kwamba mimi ni mwembamba? Jibu hoja, dada yangu, acha mwili wangu.

Jembe Kali:
Mkuu Kisiki yuko sahihi, ila amefupisha mno. Dada Mwanaidi, kutembea kunazuia damu kuganda, sawa. Hakuzuii msuli kuyeyuka. Katika uzito unaoshuka baada ya upasuaji, takriban robo si mafuta. Ni misuli na tishu nyingine zisizo za mafuta. Aliyepungua kilo 40 huenda kapoteza kilo 10 za namna hiyo. Na msuli hata ukipumzika unatumia nguvu, kwa hiyo ukipotea, mahitaji ya mwili ya kalori yanashuka na uzito unapata njia ya kurudi. Mtu anatembea kila siku, mizani haisogei, anadhani tumbo limetanuka.

Dawa yake ni kuupa msuli kazi ya kusukuma na kuvuta. Wala jimu si lazima. Kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika kitu. Pushapu za kusukuma ukuta, halafu meza, halafu sakafu. Mpira wa mazoezi, ule utepe unaovutika, ukifungwa kwenye nguzo na kuvutwa kuelekea mbavuni. Kila zoezi marudio 8 hadi 12, mizunguko miwili, siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Marudio 12 yakiwa mepesi, ongeza ugumu badala ya kuongeza idadi. Kuanzia wiki ya nne anaweza kushika uzito wowote.

Tausi:
Samahani wote. Mada ilikuwa alipiwe au asilipiwe.

Sharti la Kisiki ni adhabu iliyovikwa joho la nidhamu. Kabla ya kumdai mtu daftari, mpime. Aliyefanyiwa baipasi, yaani chakula kupitishwa kando ya sehemu kubwa ya tumbo hadi utumbo mwembamba, huachiwa kifuko cha mililita 30 hivi, na tumbo la zamani linabaki humo ndani. Wakati mwingine tundu hutoboka kati ya hivyo viwili, chakula kikarudi njia ya zamani, na mtu akaanza kula sahani nzima bila kuelewa kwa nini. Wakati mwingine ni lile tundu la kutokea kifukoni kuelekea utumbo mwembamba ndilo limetanuka. Kwa wale waliokatwa sehemu kubwa ya tumbo, likabaki jembamba kama mrija, mrija wenyewe unaweza kupanuka. Yote haya yanaonekana kwa kamera inayopitishwa mdomoni kwa mrija au kwa eksirei ya dawa nyeupe anayokunywa mgonjwa. Kisha angalia dawa anazotumia: steroidi, insulini, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinanenepesha.

Isitoshe, kurudisha kiasi fulani ni kawaida ya mwili. Utafiti mkubwa wa Uswidi ulioanza mwaka 1987 uliwafuata maelfu ya watu. Waliofanyiwa baipasi walifika chini kabisa mwaka wa kwanza hadi wa pili, wakiwa wamepungua kama asilimia 32. Baadaye walipanda kidogo, na kwenye mwaka wa kumi bado walikuwa chini kwa asilimia 25 hivi. Hao si wavivu. Miezi sita ya daftari haitaziba tundu la tumboni.

Kisiki:
Tausi, adhabu? Mimi nataka mtu asikatwe bure, wewe unaniita hakimu. Anayetaka mgonjwa aingie chumba cha upasuaji mara ya pili bila maandalizi ndiye anayemwadhibu.

Mwanaidi_K:
Jembe, "wiki ya nne uzito wowote" ndiyo kauli inayozalisha ngiri. Hata upasuaji wa matundu madogo unaacha tundu moja pana kidogo, lile daktari alilotolea kipande cha tumbo au kuingizia mashine ya kubana kwa pini. Ngozi inapona juu upesi. Utando mgumu wa chini yake unachukua muda. Kawaida ni wiki nne hadi sita bila kuinua kitu kinachozidi kilo tano hivi, na daktari aliyekata ndiye anayefungua ruhusa. Sit-apu na kila kinachokaza tumbo kinasubiri zaidi ya hapo. Aliyepasuliwa kwa mkato mrefu anasubiri zaidi ya wote. Dalili ni uvimbe karibu na kovu unaochomoza akikohoa na kuzama akilala chali. Ukigoma kuzama, ukauma, akatapika, hospitali usiku huo huo.

Na usisahau kwamba msuli haujengwi kwa mpira peke yake. Hujagusa chakula kabisa.

Jembe Kali:
Sikugusa chakula kwa sababu ulikuwa unatetea matembezi. Haya, chakula. Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku ndiyo shabaha ya wengi. Yai moja lina gramu 6. Gramu 100 za kifua cha kuku kilichopikwa zina kama 30, lakini miezi ya kwanza hakuna atakayezimaliza kwa mlo mmoja, kwa hiyo usihesabu hivyo. Hesabu nusu kikombe kwa mlo: yai moja na vijiko viwili vya samaki, basi. Ndiyo maana inabidi milo mitatu midogo na kinywaji cha protini kati yake. Protini iliwe kwanza, mboga zifuate, wanga mwishoni nafasi ikibaki. Wanaoanza na mkate au wali wanajaza kifuko na kuiacha nyama sahanini.

Kengele:
Wakuu, mnahesabu protini huku mifupa imesahaulika. Baada ya upasuaji huu mfupa unapungua uimara, hasa kwa baipasi, kwa sababu chakula kinaruka sehemu ya utumbo inayofyonza kalsiamu. Mazoezi ya uzito yanasaidia, lakini anayehitaji miligramu 1,200 hadi 1,500 za kalsiamu kwa siku hazipati kwenye pushapu. Achukue kalsiamu sitreti, maana haitegemei asidi ya tumbo ambayo sasa ni kidogo. Agawe mara mbili au tatu, kila mara isizidi miligramu 600. Na isikutane na madini ya chuma, vinapiganiana njia. Aachanishe saa moja hivi.

Mwanaidi_K:
Saa mbili, Kengele. Chuma asubuhi na kitu chenye vitamini C, kalsiamu mchana na jioni. Chai na kahawa navyo vikae mbali na kidonge cha chuma.

Kengele:
Saa moja au mbili, jambo ni kwamba wanavimeza kwa mkupuo mmoja. B12 nayo inahitaji kidonge cha kila siku au sindano ya kila mwezi, maisha yote. Lakini hakuna jambo linaloniumiza kama la kutapika. Mtu anatapika wiki mbili mfululizo, anaambiwa anakula haraka, anapelekwa kuongezewa chupa ya glukosi. Akiba ya vitamini B1 mwilini huisha ndani ya wiki chache, na glukosi ikitangulia inaimaliza ile iliyobaki. Macho yanaanza kucheza, mwendo unayumba, akili inachanganyikiwa, na uharibifu huo unaweza kubaki. B1 kwa sindano iende kwanza. Ndugu wa mgonjwa walijue hili na walitaje hapo hapo kwenye mapokezi.

Sele_Mtulivu:
Hamjasema neno juu ya maji. Lita moja na nusu kwa siku, kwa kufyonza kidogo kidogo, maana tumbo hilo halipokei glasi kwa mara moja. Akila asinywe, na akimaliza asubiri dakika 30. Sasa mtu huyo mnampeleka kwenye mazoezi ya jasho. Hawezi kurudi akagugumia nusu lita. Atapata maumivu ya kifua na kutapika. Aanze kunywa saa mbili kabla, mafundo mawili kila dakika kumi akiwa mazoezini, aendelee hivyo hivyo baadaye. Mkojo wa rangi nzito na kizunguzungu akisimama ni ishara kwamba mazoezi yamemzidi maji.

Na swali: aliyefanyiwa baipasi akitetemeka katikati ya mazoezi, ni maji au ni sukari?

Mwanaidi_K:
Ndugu Sele, angalia saa aliyokula. Moyo ukimwenda mbio, tumbo likisokota na kuhara dakika 10 hadi 30 baada ya kitu kitamu, hapo chakula kimeshuka kwa kasi utumboni na kuvuta maji. Hiyo si sukari kushuka. Alale kidogo, itapita. Ikiwa ni saa moja hadi tatu baada ya mlo, insulini imepanda kupita kiasi na sasa sukari imeanguka: jasho baridi, mikono inatetemeka, maneno yanagongana. Mazoezi yanaongeza kuanguka huko. Apime. Ikiwa chini ya 70 (mg/dL), au 3.9 kwa mashine za kipimo kingine (mmol/L), anywe gramu 15 za sukari ya haraka, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale kitu chenye protini ili isianguke upya. Asilishwe peremende nyingi kwa hofu, maana zinapandisha insulini nyingine. Ikijirudia, aende kwa daktari wake, asikomee kwenye kupangua mazoezi.

Tausi:
Bado nasubiri. Tundu kati ya kifuko na tumbo la zamani, Kisiki. Daftari linaliziba?

Kisiki:
Sikusema asipimwe. Nasema apimwe, na wakati anasubiri majibu aandike anachokula. Kamera isipoona kasoro, tutakuwa tayari tuna kumbukumbu za kumsaidia. Ikiona kasoro, daktari wa upasuaji ana mgonjwa aliyejiandaa.

Tausi:
Juu kule uliandika "kabla ya senti kutoka". Kamera nayo ni senti. Kama bima inalipia kipimo kwanza, na mtaalamu wa lishe analipiwa hiyo miezi sita, na mwenye tundu halazimiki kungoja miezi iishe, basi tunabishania kitu kingine kabisa.

Jembe Kali:
Hilo la kamera nakubaliana nalo. Dada Mwanaidi, mimi na wewe hatujamaliza. Nionyeshe mtu aliyejenga paja kwa kutembea tambarare.

Mwanaidi_K:
Nani kasema tambarare? Apande ngazi. Ghorofa moja, ashuke taratibu akishikilia uzito wake kwenye kila kidato, apumzike mpaka aweze kuongea, arudie. Akifikisha ghorofa nne bila kushika reli, avae begi mgongoni lenye kilo mbili. Nami nitaendelea kuita kutembea.