Nafasi moja imebaki kwenye Kosta: nimpe dogo fundi au yule mrefu?

Kocha Ilomba
Wakuu, habari za jioni. Nina timu ya vijana hapa Mbeya. Jumamosi ya wiki ijayo tunashuka Iringa kwenye bonanza na majina yanatakiwa Ijumaa hii. Nimeshaandika 17, imebaki nafasi moja na wanaigombea vijana wawili.

Wa kwanza ni dogo aliyejiunga nasi miezi mitatu tu iliyopita. Mfupi, mwembamba, ukimsimamisha na wenzake utadhani kaja kumletea kaka yake maji. Lakini mpira ukimfika mguuni, watu wananyamaza. Jumapili alipokea pasi akiwa ameligeuzia goli mgongo, beki akamjia kwa kasi, yeye akapanua miguu mpira ukapita katikati, akageuka akaufuata. Beki akaenda kukumbatia upepo. Kina mama wanaochoma mahindi pembeni waliacha majiko wakasimama kupiga makofi. Siku hizi kuna watu wanakuja mazoezini kumwangalia yeye tu.

Wa pili ni mrefu, ana kifua, ana mbio, kichwa chake ni hatari, anajituma mpaka filimbi ya mwisho. Mguu wake ni wa kawaida. Nishaurini, nani apande gari?

Mwana Mwanjelwa
Mkuu, umeandika mengi ukaacha yenyewe. Wana umri gani? Wanacheza namba ngapi? Uwanja ni nyasi au vumbi? Dakika ngapi? Kama mmoja ni winga na mwingine ni beki, hapo hakuna cha kulinganisha.

Beki Mstaafu
Kamwene. Mimi niko hapahapa Iringa na bonanza za huku nazijua. Mpeleke mrefu. Mechi zetu ni kona, mipira ya kurusha na kugombea mpira wa pili. Kuna timu zitakuja na "watoto" wenye ndevu. Dogo mwepisi watampeperusha kama karatasi.

Muuza Parachichi
Kocha, huyo dogo nimemwona kwa macho yangu, nilikuwa napita na mzigo kutoka Rungwe nikasimama dakika kumi, nikajikuta nimekaa saa nzima. Kilichonishika si zile chenga. Ni kwamba kabla mpira haujamfikia ameshageuza shingo mara mbili, kushoto na kulia, anajua nani yuko nyuma yake. Hilo wakubwa wengi hawana. Mpeleke dogo, nitachangia mafuta ya gari.

Kocha Ilomba
Samahani wadau. Ni chini ya miaka 15. Dogo ana 14, namba 10, mchezeshaji. Mrefu ana 15 kasoro, namba 9, mshambuliaji wa mbele. Uwanja ni vumbi gumu, dakika 25 kila kipindi. Nachezesha 9 mmoja na 10 nyuma yake, na hawa vijana wote wawili ni wa akiba kwa sasa, kwa hiyo ninayemchukua ndiye wa kuingia mambo yakikwama.

Mwana Mwanjelwa
Sasa tunaelewana. Kama ni wa kuingia mambo yakikwama, swali ni timu yako huwa inakwama vipi. Mnakosa wa kufunga au mnakosa wa kumlisha mfungaji?

Mwalimu wa Michezo
Niongezee swali: wamezaliwa miezi gani? Msicheke, lina maana. Umri ukikatwa Januari, aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanawekwa kundi moja wakati wamepishana karibu mwaka mzima, na kwa umri huo mwaka ni sentimita nyingi na kilo nyingi. Imeshaonekana kwenye soka la Ulaya na kwenye hoki ya Kanada kwamba timu za vijana hujaa watoto wa miezi ya mwanzo ya mwaka. Makocha wanadhani wamechagua kipaji kumbe wamechagua tarehe ya kuzaliwa. Uingereza baadhi ya akademi zimejaribu kuwapanga watoto kwa hatua ya ukuaji wa mwili badala ya umri, ili mfupi acheze na wenye mwili wa kufanana naye.

Mtoto wa Sokoine
Huku cheti chenyewe cha kuzaliwa unakitafuta mwaka mzima, mwalimu. Mimi nawaambia kitu kimoja: Maradona sm 165, Messi sm 170. Hispania ilichukua Kombe la Dunia 2010 katikati wakiwa na Xavi na Iniesta, wote wawili wafupi. Mpira unachezwa chini.

Beki Mstaafu
Mnataja Messi kila siku. Messi alifika Barcelona ana miaka 13 na klabu ikamgharamia matibabu ya homoni za ukuaji. Dogo wa Ilomba anagharamiwa na nani?

Mnyakyusa wa Montreal
Ugonile, ndugu zangu. Mimi ni wa Tukuyu, naishi Montreal mwaka wa tisa sasa. Nimesoma hapa nikashindwa kulala.

Mchezo wa huku ni hoki ya barafuni. Wanateleza kwa viatu vyenye chuma kama kisu, na kumgonga mwenzako kwa bega mpaka ukutani ni halali alimradi ana kile kisahani wanachogombea. Ndiyo maana miaka na miaka walitaka majitu. Kulikuwa na beki anaitwa Zdeno Chara, sm 206. Sasa msimu wa 2024/25 Canadiens, timu ya hapa Montreal, wakamwachia nafasi Lane Hutson, kama sm 175 na kilo 73 hivi. Na ni beki! Mwaka 2022 klabu zilipochagua vijana, tena hapahapa Montreal, aliitwa wa 62. Kabla ya siku ile alikuwa amezipa klabu barua ya daktari kwamba mwili wake bado unakua. Mtoto anatembea na barua ya kuombea sentimita!

Msimu wake wa kwanza kamili alicheza mechi zote 82, magoli 6, pasi za magoli 60. Akaifikia rekodi ya Larry Murphy ya pasi za magoli kwa beki mgeni, rekodi iliyokuwepo tangu 1980/81. Akapewa Calder Trophy, ndiyo tuzo ya mgeni bora wa ligi nzima.

Niwaeleze anavyofanya, maana takwimu hazionyeshi. Jitu linamjia. Yeye anashusha bega la kushoto, kiuno kinafuata bega, na jitu linafuata kiuno. Lakini miguu imeshaelekea kulia. Jitu linapita linakwenda kupiga ukuta, uwanja mzima unapiga ukelele. Hagongwi kwa sababu hafikiki. Na kocha wake, Martin St. Louis, naye ni mfupi, enzi zake hakuna klabu iliyomchagua hata moja, akaja kuchukua Stanley Cup, ndiyo kombe la ubingwa wa ligi, na Tampa Bay mwaka 2004, na kumaliza na pointi zaidi ya 1,000, yaani magoli na pasi za magoli. Kocha Ilomba, uwe St. Louis wa huyo dogo.

Mtoto wa Sokoine
Hii "hagongwi kwa sababu hafikiki" naiandika ukutani kwangu.

Beki Mstaafu
Mnyakyusa, umeeleza vizuri na nimeheshimu. Lakini huyo Hutson alikuwa na miaka 20 na ushee, mtu mzima, kichwani kofia ngumu, kifuani makinga. Sisi tunazungumzia mtoto wa miaka 14 kwenye vumbi.

Ngoja niwaambie kwa nini nakuwa mkali, wala sijawahi kuandika hili mahali. Nikiwa na miaka 17 tulicheza na timu moja ya jirani, kukawa na katoto kao kama haka mnakokasifia. Kipindi cha kwanza kalinipiga tobo mbili. Watu wananizomea, wasichana wa mtaani kwetu wapo, kocha wangu ananipigia kelele: "Unamwachaje huyo?" Kipindi cha pili nikamwendea. Sikuufuata mpira, nilimfuata yeye, nawaambia ukweli. Nilimwingia kwa bega nikiwa nimeruka, na uzito wangu wote ukamwangukia. Nilipoinuka, yeye alikuwa amekaa chini ameshika hapa juu karibu na shingo, mfupa umenyanyua ngozi. Hakulia. Akaniangalia akauliza, "Kaka, faulo ni yetu?"

Refa hakuwa amepuliza. Hakukuwa na hata bandeji. Tukamfunga kwa jezi yangu, akapelekwa hospitali amekaa kwenye karia ya baiskeli, mimi nasukuma kwa nyuma. Alipona, lakini mpira hakurudi. Leo ana familia, tukikutana anacheka. Mimi sicheki.

Kwa hiyo nikisema mpeleke mrefu, si kwamba sijui mpira. Najua kuna beki mmoja huko Iringa atakayezomewa.

Muuza Parachichi
Pole kaka. Hii sikuitegemea.

Mwalimu wa Michezo
Asante kwa kusema. Ila dawa yake iko kwa refa na kwa makocha wa mabeki, si kwa kumwacha dogo nyumbani. Kocha, ulizia kabla nani anachezesha, na uwe na mtu wa huduma ya kwanza benchi.

Fundi Makambako
Na kumwacha nyumbani nako kuna kidonda. Mimi waliniacha kwenye mchujo, walichora mstari wa chaki kwenye nguzo ya goli, asiyeufikia anavua jezi. Hata mpira sikuugusa siku ile. Nina cherehani tatu sasa, maisha yanakwenda, lakini ule mstari naukumbuka ulipokuwa.

Mwana Mwanjelwa
Kocha hajajibu swali langu. Mnakwama vipi?

Kocha Ilomba
Tunakwama katikati. Mechi mbili za mwisho mshambuliaji wangu aligusa mpira mara chache sana. Lakini pia tumefungwa kona tatu, na mrefu anajua kurudi kuokoa.

Mtoto wa Sokoine
Basi umeshajijibu, tatizo lako ni katikati. Mimi nimekulia jukwaani Sokoine, ile Mbeya City ya 2013/14 iliyomaliza ya tatu juu ya Simba niliifuata mechi zote za nyumbani, na timu ngeni kabisa kwenye ligi haikuogopa mtu.

Mjelajela
Mbeya City mnaitaja kama vile mkoa hauna timu nyingine. Prisons ipo.

Mtoto wa Sokoine
Prisons naiheshimu, ila 2013/14 tuachieni wenyewe.

Muuza Parachichi
Wadau, rudini. Kuna kitu nilikiona nikasahau kukisema. Mazoezi yalipoisha yule dogo alikaa kwenye jiwe akavua daluga, akawa anachomoa vitambaa mbele ya kidole gumba, kimoja baada ya kingine. Vya kanga. Kila mguu kama viganja viwili vya vitambaa. Hizo chenga zote anazipiga na viatu visivyo vyake.

Kocha Ilomba
Sikujua. Nilidhani anachelewa kuondoka kwa sababu anapenda uwanja.

Mnyakyusa wa Montreal
Natuma hela ya daluga leo hii. Nani ananunua?

Fundi Makambako
Msikimbilie zenye njumu ndefu. Vumbi gumu linataka njumu fupi na nyingi, ndefu zinamnyanyua mtoto juu na kifundo kinateguka. Mitumba ya Mwanjelwa ukienda asubuhi unapata nzuri, pinda soli kwa mikono kwanza, ikilia imekauka, iache.

Beki Mstaafu
Nami nachangia vilinda ugoko. Viwili vizuri, si vya maboksi. Hata kama hapandi gari, avae.

Mwana Mwanjelwa
Jina la 18 je?

Kocha Ilomba
Karatasi iko mezani, mstari bado mtupu. Kesho saa kumi nawachezesha wote wawili pamoja, nione. Dogo nitampima mguu kwenye karatasi ya daftari ili Muuza Parachichi aende nayo sokoni.

Muuza Parachichi
Chora ukizunguka mguu akiwa amesimama, si amekaa. Na uniandikie niongeze kidole kimoja mbele, bado anakua.